Kioo cha pwani hakitaki nguvu: brashi, maji na usalama wa anayesafisha

Umewahi, mpenzi msomaji, kupangusa kioo cha dirisha asubuhi hadi kikang'aa, kisha kesho yake ukakikuta kimefunga ukungu kana kwamba hakijaguswa? Ikiwa unaishi Mombasa, Kilifi au Malindi huna haja ya kujibu. Ikiwa unaishi bara na huenda pwani wakati wa likizo tu, basi huenda umewahi kulalamika kwamba nyumba uliyokodi ina madirisha machafu, na ukamlaumu kijana wa watu ambaye aliyapangusa siku hiyo hiyo.

Kati ya Gede, Watamu na hori ya Mida kuna mahali panapoitwa Dabaso. Wageni wengi hupapita bila kupatazama, maana macho yao tayari yako baharini. Lakini wengi wa wale wanaofagia vibaraza, wanaotandika vitanda na kupangusa vioo katika mahoteli na nyumba za wageni za Watamu hutoka vijiji vya upande huu. Kazi ya madirisha hapa si mchezo. Mbele kuna bahari inayorusha chumvi, nyuma kuna msitu wa Arabuko-Sokoke wenye udongo wa mchanga mwekundu na mweupe, na chini ya miguu kuna mwamba wa matumbawe ya kale ambao hutia chokaa katika maji ya visima. Vitu hivyo vitatu, yaani chumvi, mchanga na chokaa, ndivyo adui wa kioo, na kila kimoja kina dawa yake. Anayevipiga vyote kwa tambara moja kavu hujichosha bure na kukiharibu kioo.

Wazee wa zamani wa eneo hilo hawakuijua taabu hii. Tembelea Magofu ya Gede, mji wa mawe ulioachwa katika karne ya 17 na ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948. Utaona kuta za matumbawe na chokaa, visima na milango iliyochongwa kwa ustadi, lakini dirisha la kioo hutaliona. Vyumba vilipata mwanga kutoka uani. Hata leo mkahawa wa kikundi cha uhifadhi cha Dabaso, uliojengwa kwa mbao juu ya nguzo kwenye mikoko ya Mida, uko wazi kwa upepo, na hapana wa kuusafishia vioo. Sisi wengine tuliotaka kuiona bahari huku tumefungia upepo nje ndio tuliojitafutia kazi.

Chumvi, mchanga na chokaa

Tuanze na chumvi, kwa kuwa ndiyo yenye hila. Mawimbi yakivunjika kwenye mwamba, upepo hubeba matone madogo yasiyoonekana. Matone hayo hukauka kwenye kioo, chumvi ikabaki. Chumvi hii hunyonya unyevu wa hewa. Kwa hiyo ukiipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo unakuwa umeisambaza tu. Mchana kioo kitaonekana safi, na usiku hewa ikijaa unyevu ule ukungu utarudi. Habari njema ni kwamba chumvi huyeyuka upesi katika maji. Haihitaji kusuguliwa hata kidogo. Inahitaji maji mengi yanayotiririka kuichukua.

Mchanga ni jambo jingine. Watu wengi hudhani kwamba kinachokwaruza kioo ni brashi ngumu. Si kweli. Nywele za brashi, ziwe za nailoni au hata za makumbi ya nazi, ni laini kuliko kioo. Kinachokwaruza ni chembe ya mchanga iliyonaswa kati ya kitambaa na kioo. Wataalamu wa madini hupima ugumu wa vitu kwa kipimo cha 1 hadi 10: kioo cha kawaida huwa karibu na 5 na nusu, na chembe za kwatsi, ambazo ndizo nyingi katika mchanga wa bara, huwa 7. Maana yake ni kwamba kila chembe ni patasi ndogo. Ukisugua kioo kikavu kwa tambara, unakichonga. Mikwaruzo hiyo haiondoki. Utaiona jua la jioni likipiga upande.

Basi kanuni ya kwanza ya fundi ni hii: asiguse kioo kabla ya kukimwagia maji.

Chokaa ndiyo inayowashinda wengi. Maji ya visima vya ukanda huu yamepita katika mwamba wa matumbawe, ambao kwa hakika ni chokaa tupu. Ni yale maji ambayo sabuni hukataa kutoa povu. Ukiyamwaga kwenye kioo na kuyaacha yakauke, maji huenda zake na chokaa ikabaki, doa jeupe mahali pa kila tone. Tazama madirisha ya chini yaliyo karibu na bustani inayonyunyiziwa maji ya kisima. Huwa kama yamepata ndui. Doa hilo halitoki kwa maji, wala kwa sabuni. Linataka kitu kikali kidogo: siki, au maji ya ndimu. Pakaza, acha dakika chache, sugua kwa brashi, suuza kwa maji mengi. Lakini angalia, siki hiyo hiyo inayokula chokaa ya kioo itakula pia lipu ya chokaa, ukuta wa matumbawe na sakafu ya marumaru. Lowesha kwanza ukuta ulio chini ya dirisha, na usuuze upesi. Doa lililokaa miaka likakataa hata siki, mara nyingi si doa tena. Kioo chenyewe kimeliwa. Hapo huna la kufanya ila kutafuta fundi wa kukisugua upya, au kukibadilisha.

Na wewe unayejenga: usiruhusu maji ya saruji mbichi yatiririke juu ya vioo vipya. Nayo hukila kioo. Waambie mafundi wayafute yangali majimaji, wasingoje kukwangua kwa kisu.

Brashi gani?

Brashi ya madirisha si ile ya kusugulia sakafu. Huwa pana, aghalabu sentimita 25 hadi 45, na nywele zake ni ndefu na laini, ncha zake zikiwa zimechanuliwa kama ufagio uliotumika sana. Kuchanuliwa huko kuna maana: ncha moja ikigawanyika mara tatu au nne, hushika maji zaidi na kugusa kioo mahali pengi zaidi.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Brashi nyingi za kazi hii zinazotoka ng'ambo hutengenezwa kwa nywele za nguruwe, kwa kuwa hizo ni imara, hushika maji vizuri na hung'oa uchafu sugu. Kwa nyumba nyingi za pwani hilo ni tatizo kubwa. Huko Malaysia, mwezi Februari 2017, maafisa wa serikali walikamata brashi zaidi ya 2,000 madukani zilizoshukiwa kuwa za nywele za nguruwe bila kuandikwa hivyo. Basi uliza kabla ya kununua. Ya nailoni inatosha kabisa kwa kioo, na hudumu zaidi. Mfanyakazi Mwislamu asilazimishwe kushika asichokitaka wakati dukani kuna kingine.

Brashi ya makumbi, ile ya kwetu, usiitupe. Ni nzuri kwa fremu, kwa ukingo wa chini wa dirisha na kwa reli ambamo kioo huteleza. Mchanga mwingi hujificha humo, na ukianza na kioo kabla ya fremu utafanya kazi mara mbili, maana uchafu wa fremu utashukia kioo ulichokwisha kukisafisha. Kama dirisha lina wavu wa mbu, toa wavu kwanza, uoshe kando. Wavu hukusanya chumvi kuliko kioo, na mvua ya kwanza ikinyesha huishusha yote kwenye dirisha lako safi.

Juu kwenda chini

Sasa kazi yenyewe. Mwagia maji kioo kizima, kuanzia fremu ya juu, ili vumbi na mchanga vishuke. Kisha chovya brashi. Pita kwanza ukingo wa juu kwa kwenda kulia na kushoto, mwendo mfupi mfupi, kwa kuwa huko ndiko buibui na vumbi hukaa. Halafu shuka: brashi juu, chini, juu, chini, kila mkondo ukipanda kidogo juu ya ule uliotangulia ili pasibaki ufa wa uchafu katikati. Pembeni, geuza brashi uingie kwa ncha yake.

Wengi hukosea kwenye mkono. Hubonyeza. Wakiona doa gumu hubonyeza zaidi, na nywele za brashi hulala ubavu. Nywele iliyolala haisafishi. Huteleza juu ya uchafu. Ni ncha ndiyo inayofanya kazi. Shika brashi kama unayempaka mtoto mafuta, wala si kama unayesugua sufuria ya ugali. Doa likikataa, lipe maji na muda, urudi tena. Kinyesi cha ndege kwa mfano kikilowekwa dakika tatu hutoka chenyewe. Kikikwanguliwa kikavu huacha alama.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya madirisha ya chini, unayoyafikia kwa mkono. Tia matone machache ya sabuni ya maji katika ndoo ya lita 10, pitisha brashi, kisha kamua maji kwa kile kibao chenye ulimi wa mpira. Kifaa hicho kina historia yake. Mwitaliano Ettore Steccone, aliyehamia Marekani akawa msafisha madirisha mjini Oakland, California, alisajili muundo wake mwepesi wa shaba wenye ulimi mmoja wa mpira mwaka 1936, na umbo lake halijabadilika sana hadi leo. Siri yake ni ndogo: kausha kwanza ukingo wa juu wa kioo kwa kitambaa upana wa kidole kimoja, anzia hapo kwenye ukavu, vuta hadi chini bila kusimama, pangusa mpira, rudia. Mpira ukianzia kwenye maji utaacha mstari.

Utauliza, na gazeti je? Kina mama wengi wametung'arishia vioo kwa magazeti ya zamani, na gazeti hili halikatai heshima hiyo baada ya kusomwa. Kwa kioo cha ndani ambacho kimeoshwa tayari, gazeti hufaa. Kwa kioo cha nje chenye mchanga na chumvi, ni tambara kavu lile lile tulilolisema.

Njia ya pili haina sabuni wala mpira. Ni brashi na maji matupu, na kioo huachwa kikauke chenyewe. Lakini hapo lazima maji yawe safi kweli kweli, yasiwe na chokaa wala chumvi ndani yake, maana kitakachokuwa katika tone la mwisho ndicho kitakachobaki kwenye kioo. Wenye makampuni ya kazi hii katika nchi tajiri huyachuja maji kwa mitambo maalumu, na huyapima kwa kifaa kidogo: wakipata chini ya sehemu 10 za madini katika milioni moja ya maji, huendelea, zikizidi, husimama na kubadilisha chujio.

Kijana wa Dabaso atautoa wapi mtambo huo? Auache. Mungu amempa maji ya mvua. Maji yaliyoshuka kutoka mawinguni hayajapita katika mwamba wowote, hayana chokaa. Kinga maji wakati wa masika, kutoka paa la mabati au vigae. Paa la makuti halifai kwa hili, hutoa maji ya rangi ya chai. Maji ya mwanzo yaache yaende, kwa kuwa yanaosha paa lenye chumvi na kinyesi cha ndege. Kinga yanayofuata, yachuje kwa kitambaa safi na uyafunike mbu wasizaliane. Huhitaji mapipa mengi. Osha kwa maji ya kisima au ya bomba, na kabla hayajakauka, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua ukianzia juu. Hapo hutapangusa kitu. Mwenye nyumba atadhani umeleta dawa kutoka Ulaya.

Saa nayo ina maana. Jua likipiga kioo, maji hukauka kabla hujayasuuza. Nyumba za Watamu zilizoelekea bahari hupigwa na jua la asubuhi, kwa hiyo asubuhi safisha upande wa nchi kavu, na alasiri uhamie upande wa bahari. Nairobi pia ni hivyo hivyo: fuata kivuli.

Nani anasimama nje?

Nimeliacha hili hadi hapa kwa kuwa ni zito kuliko doa lolote. Wewe unayeishi ghorofa ya tatu Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam, ni nani anayesafisha upande wa nje wa madirisha yako? Na anasimama wapi? Tazama majumba ya mtaani kwako siku za kukaribia Idi au Krismasi. Utamwona msichana wa kazi amesimama kwenye ukingo wa dirisha, mkono mmoja umeshika fremu, mwingine una tambara, na chini yake ni sementi. Mwenye nyumba yuko ndani akimwonyesha alipobakisha. Msichana huyo huenda ndiye anayelipia karo ya wadogo zake, na hawezi kukuambia kwamba anaogopa.

Singapore, ambako majumba ni marefu na wasaidizi wa nyumbani wengi hutoka nchi za nje, serikali ilichoshwa na vifo vya namna hii. Mwaka 2012 iliamuru kwamba msaidizi wa nyumbani asisafishe upande wa nje wa dirisha isipokuwa dirisha lina grili zilizofungwa kwa kufuli na mtu mzima wa nyumba yupo akimwangalia. Kwa dada zetu wengi walioko kazini Uarabuni kanuni kama hiyo ni jambo la kufa na kupona. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wanaomfanyia kazi. Usingoje afisa aje kukusomea.

Uingereza, kanuni za kazi za mahali pa juu zilizoanza Aprili 2005 zilimtaka mwajiri aepuke kumpandisha mtu juu ikiwa kazi yaweza kufanywa akiwa chini. Ndipo brashi yenye mpini mrefu inayopitisha maji ilipozidi kuenea huko. Mpini hurefushwa kama wavu wa kuchumia maembe, maji hupita ndani yake hadi kwenye brashi, na mtu husimama ardhini salama. Kwetu, ile brashi ya kuoshea magari inayofungwa kwenye mpira wa maji hufanya kazi hiyo hiyo kwa nyumba ya ghorofa moja. Ila uinunue mpya. Iliyokwisha kuosha matope ya lori imejaa mchanga kwenye nywele zake.

Na mpini mrefu una hatari yake. Ule wa alumini hupitisha umeme, na ule mweusi wa nyuzi za kaboni pia. Mpini mwingine wowote ukilowa nao si wa kuaminiwa. Kabla hujauinua, tazama juu utafute nyaya za umeme, na utazame tena kila unapohama dirisha. Kama nyaya ziko karibu, dirisha hilo liache, na mwambie mwenye nyumba kwa nini umeliacha.

Ikibidi ngazi, iwekwe kwa kipimo: kila mita 4 za kwenda juu, miguu ya ngazi itoke mita 1 kutoka ukutani. Mtu mmoja aishike. Asiyefikia asijinyooshe, ashuke, aihamishe. Madirisha ya luva yana nafuu, kwa kuwa vioo vyake vingi vyaweza kuchomolewa kimoja kimoja vikaoshewa ndani kwenye karai. Vipange kwa utaratibu uliovitoa, kwani vya juu na vya chini si lazima vilingane.

Kwa mwanafunzi anayetafuta kazi ya likizo, haya yanatosha kuanzia. Mtaji ni brashi ya nailoni, kibao cha mpira, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, vitambaa na pipa la maji ya mvua. Toza kwa dirisha, usitoze kwa saa, maana ukishapata uzoefu utamaliza upesi, na mwenye nyumba hataki kulipia uzembe wala wewe hutaki kuadhibiwa kwa wepesi wako. Kabla ya kuanza, zunguka naye umwonyeshe mikwaruzo na madoa yaliyokuwepo, nayo muyaandike. Vioo ni ghali, na mwenyewe huiona mikwaruzo ya zamani siku ile tu kioo kinapokuwa safi.

Jioni, suuza brashi kwa maji mengi huku ukizichambua nywele kwa vidole hadi usisikie mchanga, uikung'ute na kuitundika nywele zikielekea chini. Ikisimamishwa juu ya nywele zake usiku kucha, asubuhi zitakuwa zimepinda.